Mkwe Aliyeshuka Njiani

Judith alizaliwa na kukulia Tunduma, mahali ambapo ukitaka kutazama mbali unaona ubavu wa lori, na nyuma yake lori jingine. Kwa hiyo siku ya mbio za milima ya Ileje, ukungu ulipofunguka juu ya Mbebe na bonde la Songwe likaonekana hadi chini kabisa, na ng'ambo yake milima ya Malawi imepangana mmoja nyuma ya mwingine mpaka rangi ikaisha, alisimama katikati ya njia akasahau kuwa yuko mashindanoni.

"Shoga, tunakimbia au tunatalii?" Nuria alimuuliza, akihema nyuma yake.

"Mungu wangu, Nuria. Hebu tazama."

Nuria akatazama. Huyo ni mtu wa Tanga, biashara ya malori ndiyo iliyomleta Tunduma, na si mwepesi wa kunyamaza. Hapo alivua kofia tu.

Kilichomzindua Judith ni mguu wa kulia. Kifundo chake kiliteguka vibaya mwaka uliopita, nyuzi zikachanika, akatembelea magongo msimu mzima wa mvua. Daktari hakumficha: kikiteguka tena palepale ni kisu, na mbio atakuwa akizitazama kwenye televisheni. Watu wenye akili zao wangebaki nyumbani. Yeye alifunga bandeji, akakaza kamba za viatu, akajiwekea sheria: mlima ataupanda kwa kutembea, tambarare atakimbia hatua fupi fupi, mteremko atashuka kama kinyonga. Vijana wa Igamba na Isansa walishampita zamani, wakiruka mawe huku wanapiga soga. Aliwaonea wivu, tusidanganyane. Lakini alichotaka ni kimoja tu: avuke utepe wa mwisho kwa miguu yake, ajue kama bado ni mkimbiaji au amebaki kuwa mtu aliyewahi kukimbia.

Baada ya kilele njia ikawa nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima. Kushoto ukuta wa udongo mwekundu, kulia shamba la mahindi lililoinama kiasi cha mtu kujiuliza aliyelilima alisimamaje. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi. Judith alikuwa akiipapasa njia kwa unyayo, polepole, aliposikia kikohozi mbele yake, kwenye kona.

Alisimama ghafla. Alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha Mzee Enoka, baba wa mumewe, Ezron.

Kwa Wandali wa zamani, wenyeji wa milima hii, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Siku hizi wengi wameacha, lakini si nyumba ya Mzee Enoka. Tangu aolewe, Judith hajawahi kuuona uso wake. Mzee akikaribia nyumba hukohoa, naye Judith hutoka kwa mlango wa uani. Wakikutana njiani, mkamwana ndiye anayetoka njiani, anageuka na kujifunika mpaka mkubwa apite. Sasa waandaaji wa mbio, watu wa mjini hao, waliichora njia yao juu ya njia ileile mzee anayokwenda nayo shambani. Naye mzee, kwa heshima zake, alisubiri wakimbiaji wapite kwanza ndipo atoke. Nani angemwambia kwamba kuna wakimbiaji wanaotembea?

Judith alishusha kofia yake mpaka puani, akageukia shamba.

"Unakwenda wapi wewe?" Nuria akamnong'oneza. "Huko ni kuporomoka!"

"Ni mkwe wangu."

"Si umwamkie tu upite?"

"Hatuamkiani, Nuria. Hatuonani."

Aliujaribu mteremko kwa mguu mzima, kisha akauleta ule mgonjwa. Ukateleza. Maumivu yakapanda mpaka gotini, akadaka mabua ya mahindi ili asiporomoke. Alijua kabisa anachokifanya: hatua mbili zaidi na kifundo kimekwisha. Lakini kumkabili mzee uso kwa uso katikati ya njia, hapana, hilo hakuliweza. Aliuma meno akainua mguu tena.

Ndipo, chini ya ukingo wa kofia yake, akaziona buti za mvua. Zilikuwa zimesimama kwenye kona; minong'ono yao ilikuwa imefika huko. Hazikumjia. Zilitoka njiani, zikaingia kwenye mahindi, zikashuka kwa uzito wa mtu mzima anayeogopa kuanguka, kisha zikageuka kuelekea Malawi. Sauti ikasema, si kwake bali kwa bonde, na ilisema kwa Kiswahili ili binti wa Tunduma aelewe:

"Mkamwana apite. Mguu wake ni mgonjwa."

Judith aliganda, mabua mkononi. Hajawahi kusikia, hata kwa kusimuliwa, mkwe akimpisha mkamwana. Bonde lile lote, na mto wake, na milima yake ya nchi mbili, havikuwa vimemshtua hivi. Alipanda tena njiani, akapita uso umeelekea ukuta, na machozi yakawa yanamtoka bila ya kumwomba ruhusa.

Ng'ambo ya korongo, kwenye bega la mlima wa pili, kulikuwa na meza ya maji na gari la kuwabeba walioshindwa. Mguu ulikuwa unawaka moto. Judith akakaa juu ya jiwe.

"Mama, panda tu," dereva akamwambia kwa upole. "Umejitahidi."

Alikuwa karibu kukubali. Kabla hajainuka akatazama alikotoka, na kule ng'ambo akamwona mzee, mdogo kama kisiki, bado yumo kwenye mahindi. Kofia usoni, mgongo njiani. Wakimbiaji wa mwisho walikuwa wakimpita, wengine wakimwamkia, naye hajibu wala hageuki.

"Ana nini?" Nuria akauliza.

"Hajui kama nimeshapita. Hawezi kutazama."

Nuria akaweka viganja mdomoni. "Babaaa! Ameshapita!"

Huku milimani watu huzungumza mlima kwa mlima, na jibu lilirudi vizuri tu: "Yuko wapi?"

"Yupo hapa, amekaa!"

Mzee akainua mkono kushukuru. Hakugeuka. Judith akaelewa: maadamu yeye amekaa mahali pa kuonekana, mzee atasimama kwenye ule utelezi hata jua lizame. Alisimama, akamwambia dereva asante, akaufuata ukingo wa mlima kwa kuchechemea mpaka ulipomficha.

Nuria alimfikia baadaye, pumzi juu juu.

"Nimempigia kelele kwamba huonekani tena, amegeuka. Ameshapanda njiani, mzima."

"Amesema chochote?"

"Ameuliza, mguu je."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia unakimbia."

"Nuria! Si unaona natembea?"

"Sasa nimeshasema, shoga angu. Nirudi nikamwambie mzee wa watu kwamba nimemdanganya?"

Judith alitazama mbele. Njia ilikuwa tambarare, nyasi fupi, upepo kutoka Malawi. Akaukanyaga mguu taratibu, akausikiliza, akaukanyaga tena. Kisha akakimbia.