Mali ya Kambi

Mke wa koplo alikuwa akimsuka binti yake nywele kwenye kizingiti cha kota yao ya jeshi alipoona namba shingoni. Ilikuwa nyeupe, ya rangi ya mafuta, mwandiko uleule uliokuwa chini ya meza, nyuma ya kabati na kwenye miguu ya vitanda. Akaigusa. Ilikuwa imeshakauka.

"Nani kakupaka rangi?"

"Sijui, mama. Nimeamka nayo."

Mama akaenda kuchukua mafuta ya taa na kitambaa. Kwenye kota kila kitu ni mali ya kambi na kina namba yake, isipokuwa nguo na sufuria zako. Kama jeshi lingeweza, hata mwiko lingeupa cheo. Mtoto mwenyewe aliletwa na watu wa ustawi wa jamii alelewe hapo. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na tabia ya kuficha mkate chini ya godoro. Siku hizi hafichi tena. Mama alisugua mpaka ngozi ikachubuka, na namba ikafifia. Kesho yake ikarudi, imekolea zaidi. Basi akamfunga mtoto kitambaa shingoni, maisha yakaendelea.

Balaa lilikuja na uhamisho. Koplo alipangiwa kambi nyingine, na mtu akihama, sajini wa ghala huja kupokea nyumba. Sajini huyu alikuwa mtu wa utani, lakini kwenye mali ya kambi hakuwa na mchezo. Akagonga meza kwa kifimbo, akagonga kabati, akafungua kitambaa cha mtoto.

"Huyu anabaki, shemeji."

"Huyu ni mwanangu!"

"Sikatai. Hata kabati umelifuta vumbi miaka yote, limekuwa lako? Chenye namba kinabaki."

Koplo alikuwa mlangoni, kakakamaa kama yuko gwaride. Mkewe akamgeukia. "Baba, si useme kitu!"

"Ndiyo, afande," akasema koplo. Haki ya Mungu, ndicho alichosema.

Mama akaenda ustawi wa jamii. Dada wa pale alimsikiliza kwa upole, akamweleza kwamba walipomleta mtoto walikagua nyumba: ina maji, ina choo, ina uzio na walinzi. Nyumba haijahama. "Anayehama ni wewe, mama," akasema, akampa pole.

Akarudi na mtoto wake moja kwa moja mpaka ghalani. "Kwani hakuna kitu chenye namba kilichowahi kutoka humu kambini?"

"Vilivyoharibika tu," sajini akamjibu. "Kiti kikivunjika tunakifuta daftarini. Hata ukitaka kuni, beba."

Mtoto alikuwa kasimama hapohapo, ameshika sketi ya mama yake.

Siku ya safari, vyombo vikiwa tayari kwenye lori, binti alipanda ngazi ya tangi la maji mpaka juu, akajirusha. Mama alimkuta kakaa chini, mkono umepinda mahali pasipo na kiwiko, anatabasamu huku machozi yanamtiririka.

"Mwanangu! Umefanya nini?"

"Nimevunjika, mama. Sasa twende."

Sajini wa ghala akaitwa. Alichuchumaa, akaupapasa mkono bila haraka, kama fundi anayekagua mguu wa meza.

"Huu unaunga," akasema. "Kinachotengenezeka hakifutwi." Akamtuma askari zahanati alete bendeji.

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Aligaagaa chini, akakataa kupanda lori. Majirani walimwonea huruma sana. Wakamwambia mvumilivu hula mbivu, wakamshika mikono na miguu, wakampandisha. Koplo alikuwa ameshakaa mbele, karibu na dereva.

Wapangaji wapya walifika kabla ya chakula cha mchana. Mke akakalia kitanda kuona kama kinalia, akafungua kabati, akamtazama mtoto aliyekaa kitini, mkono umening'inizwa shingoni kwa kile kitambaa.

"Kumbe na mtoto yumo!" akasema. Alifurahi kweli, kwa kuwa wao hawakujaliwa.

"Yumo, shemeji," sajini wa ghala akamwambia. "Ila msimbebeshe ndoo kwanza."

Yule mwanamke akainama, akamshika mtoto shavu. "Niite mama, sawa?"

"Sawa, mama," akasema mtoto. "Na nyie mnahama lini?"