Tuta la Kwenye Mkaratusi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi Faraji alikuwa ameketi kizingitini akifunga kamba za raba, na mkewe Mwanahawa alikuwa jikoni akipuliza moto huku Abdallah, kitinda mimba wao, akinyonya. Kuni zilikuwa mbichi. Hawa, wa miaka sita, alikuwa anatafuta soksi yake ya pili ya shule. Kaka yake Amiri, wa miaka tisa, alijua iko wapi na hakuwa na haraka ya kusema. Faraji alifunga fundo, akalifungua, akalifunga upya, kwa kuwa fundo likikaza sana damu haifiki vidoleni. Kisha akabonyeza saa yake ya mkononi, akasema, "Haya, Mama Amiri," akaondoka. Ilikuwa Jumanne.

Barabara ya vumbi iliyopita mbele ya nyumba yao ilipanda mlima wa Kwemgogo kwa kona saba mpaka soko la Mlola. Aliyewahi kuipanda na tenga la karoti kichwani anaujua mlima huo: kona ya tatu unaanza kujuta, kona ya tano unaacha kujuta kwa sababu pumzi ya kujutia huna. Lakini Faraji alipoikanyaga kwa raba zake, barabara ililala. Ilishuka taratibu mbele yake, kona baada ya kona, ikawa tambarare kama kiwanja cha shule, na akishapita ilikaa hivyo dakika mbili tatu kabla ya kujiinua tena. Alikuwa anafika Mlola bila kuhema.

Hilo lilianza miaka miwili iliyopita, miezi michache baada ya kununua raba, na watu walikwisha kulizoea. Kristian, dereva wa lori la kabichi, alikuwa anangoja chini ya mlima mpaka Faraji apite, ndipo amfuate nyuma kwa gia ya tatu na kuokoa mafuta. Ofisa mtendaji wa kijiji aliandika barua kulalamika kwamba siku za mvua maji hayajui yaelekee wapi. Barua haikujibiwa, na maji yakajizoesha.

Mwanahawa aliona wivu. Tuseme wazi, maana mwenyewe hakuficha. Mke mwenza wa kibinadamu angemuweza: angejua kwao ni wapi, angejua anapika nini, na wangegawana zamu kama sheria inavyotaka. Barabara haikuwa na zamu. Ilimchukua mumewe kwa saa mbili kila asubuhi, Jumamosi ikamchukua mpaka adhuhuri, Jumapili ikamfikisha Lushoto kwenye klabu yake ya wakimbiaji, na saa alizobaki nyumbani alikuwa mkekani, miguu juu ya mto, akiipumzisha kwa ajili ya barabara hiyo hiyo. Kazi yake ya ujenzi aliichomeka katikati, na aliifanya vizuri. Unga haukukosekana. Hakunywa, hakupiga mtu, hakuinua sauti. Wanawake wenzake walimwambia Mwanahawa ashukuru, naye alishukuru. Ila kila alipofua zile soksi na kuona vumbi jekundu likishuka kwenye beseni, alijiona kama anayefua marashi ya mwanamke mwingine.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye barabara ilimsimamia wima. Kila siku ya soko alipanda na tenga kichwani, Abdallah mgongoni, Hawa akining'inia kwenye kanga, na mlima ulisimama kwa urefu wake wote. Faraji alikuwa na desturi ya kumwambia kwamba mlima ule si mbaya kama watu wanavyousema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jirani yao Modesta alikuwa na maoni kwamba barabara inapenda mtu asiyebeba kitu. Mwanahawa akajaribu kupanda bila tenga, na mtoto tu mgongoni, ikasimama vile vile. Basi Jumapili moja, Modesta aliporudi kutoka kanisani, Mwanahawa alimwachia watoto wote watatu, akajifunga kanga kiunoni juu ya gauni, akaiendea mikono mitupu.

Barabara ikalala.

Alianza kwa kutembea, halafu akakimbia. Hakuwa amekimbia tangu darasa la saba, alipokuwa wa pili kwa mita mia nane katika wilaya nzima, jambo ambalo Faraji hakuwahi kumuuliza. Kona ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na utamu ukamzidi mpaka akacheka peke yake. Kwenye kona ya tatu, palipo na mkaratusi mkubwa, akakumbuka kwamba hakumwambia Modesta kuwa Abdallah hanywi uji uliopoa. Barabara iliinuka chini ya vidole vyake ghafla hivi kwamba alishika chini kwa mikono.

Akainuka, akajifuta vumbi viganjani. Kisha akaipima, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutaka uhakika. Alijilazimisha asiwaze lolote, barabara ikashuka. Akawaza kikohozi cha Hawa, ikapanda mbele yake mpaka usawa wa magoti. Akamuwaza Amiri, ambaye siku hizi anajiogesha mwenyewe, ikapanda kidogo tu. Akamuwaza Abdallah, ikapanda mpaka kifuani. Mwisho akamuwaza Faraji, jinsi anavyolala mdomo wazi akichoka, na barabara ikapanda tena, wala si haba. Kumbe haikuwa inapima mizigo ya kichwani. Mwanahawa alirudi nyumbani polepole, akijua kitu ambacho ni heri asingekijua: kwamba mumewe alikuwa ameupanda mlima ule miaka miwili, siku hadi siku, na haujamwinukia hata kwa kimo cha unyayo.

Jioni ile, walipokwisha kula, Faraji alikuwa anajichua miguu kwa mafuta. Mwanahawa alimuuliza.

"Baba Amiri, ukiwa njiani unawaza nini?"

Faraji alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Siwazi kitu," akasema. "Ndiyo utamu wake."

Mwanahawa alitamani angedanganya. Alikusanya sahani, akazipanga, akamwambia kwa Kishambaa, lugha aliyoitumia alipotaka kusikilizwa, kwamba kesho akifika kwenye mkaratusi awakumbuke.

"Niwakumbuke, kwani mmekwenda wapi?"

"Hatujakwenda popote. Wewe tukumbuke."

Faraji hakuwa mtu wa kukataa jambo dogo. Akasema sawa, akaendelea na mguu wa kushoto.

Kesho yake alirudi amekunja uso. Alisema pale kwenye mkaratusi wameweka tuta, na hakuna mwananchi aliyetangaziwa. Kristian naye alisimamisha lori mbele ya nyumba kuulizia habari hiyo hiyo, maana gari lake lilirushwa na matenga mawili ya kabichi yakaporomokea bondeni. Mwanahawa alimpa pole, kisha akageukia ukuta kwa kuwa alikuwa anatabasamu.

Tangu siku ile alihamishia ukataji wa majani ya ng'ombe kwenye kona ya mkaratusi. Alitangulia kabla mumewe hajamaliza kufunga raba, Abdallah mgongoni na mundu mkononi, akamwachia Amiri moto. Akaona kwa macho yake. Barabara ilianza kulala tangu chini, ikaja ikilala, na ilipoukaribia mti ikavimba tuta la kufika goti, urefu wake hatua nne. Alizihesabu Faraji alipokuwa anazipanda. Nne: watoto watatu na yeye. Katika hatua hizo mumewe alihema, uso ukamkunjamana kama wa mtu anayetafuta jina lililompotea, na Mwanahawa, amechuchumaa majanini, hakuwa ameuona uso mzuri kama ule tangu siku ya ndoa. Hatua nne katika kilometa ishirini si nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, akajiambia, akarudi kukata majani.

Kwa siku tisa alikuwa mtu mwingine. Aliimba akichota maji. Soksi alizifua bila kununa, na siku moja alizianika mahali pazuri penye jua, akahamisha nguo zake mwenyewe. Alizigawa zile hatua: ya kwanza ya Amiri, ya pili ya Hawa, ya tatu ya Abdallah, ya mwisho yake. Siku ya saba aliona kwamba ya mwisho ni fupi kuliko zilizotangulia. Wivu ukamrudia, safari hii juu ya wanawe mwenyewe, akaona haya, akawakaangia ndizi wote watatu.

Wakati huo mashindano ya Lushoto yalikuwa yamekaribia. Faraji alilalamika kwamba lile tuta linamlia sekunde sita, na sekunde sita ni watu wengi wa kukupita. Mwanahawa alifikiri kwamba sekunde sita kwa watu wanne ni kitu ambacho mtu anaweza kukitoa.

Siku ya kumi Faraji alikuja akiangalia saa. Tuta likainuka mbele yake kama kawaida, goti moja kwenda juu, hatua nne. Bila kupunguza mwendo akavuta magoti kifuani, akaruka, akatua upande wa pili kwenye tambarare, akaendelea. Alipita karibu na mkewe kiasi kwamba angenyoosha mkono angemshika. Abdallah, mgongoni, alimwita kwa ile sauti yake isiyo na neno. Faraji alikuwa amekwisha kata kona. Tuta lilikaa pale peke yake muda kidogo, halafu mlima ukainuka na kulimeza, na Mwanahawa akafunga mzigo wake wa majani.

Jioni Faraji alirudi kutoka kazini na furaha ambayo haikuonekana nyumbani mle siku nyingi.

"Lile tuta halinisumbui tena," akasema. "Nimejifunza kuliruka."

Amiri akamuuliza analiruka vipi. Faraji akainuka mkekani, jambo ambalo watoto hawakulizoea kwa saa hizo, akachomoa mpini wa jembe, akaulaza uani juu ya matofali mawili. Akawaonyesha. Magoti juu, akasema, usitazame chini, na wala usifikirie, ukifikiria tu umekwisha. Amiri akaruka. Hawa akaruka, akaanguka, akacheka, akaruka tena. Abdallah alishikwa makwapani na kupitishwa juu ya mpini mara tano, na kila mara alipiga kelele za raha. Baba yao hakuwa amecheza nao tangu Idi. Waliruka mpaka wakatoka jasho, na Hawa akamwita mama yake naye aje aruke.

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna pale aliyejua kwamba aliwahi kuwa wa pili kwa mita mia nane. Alisema ana ugali motoni, na kweli alikuwa nao. Walipokwisha kuchoka aliuokota ule mpini na kuurudisha kwenye jembe, kwa sababu kesho palikuwa na kulima.

Jumamosi Faraji alifunga raba zake kizingitini, akafungua fundo, akafunga upya, akabonyeza saa, akasema, "Haya, Mama Amiri." Barabara ikalala, akaenda zake, na lori la Kristian likamfuata nyuma kwa gia ya tatu. Mwanahawa alijitwika tenga la karoti, akamkaza Abdallah mgongoni, akamwambia Hawa ashike kanga. Alipoweka mguu njiani mlima ulikuwa umekwisha kuinuka. Wakaupanda.

Kwenye mkaratusi Hawa aliachia kanga, akavuta magoti kama alivyofundishwa na baba yake, akaruka mahali pasipokuwa na kitu. Mama yake akamwambia aangalie, asije akamgonga akamwaga karoti.