Jitu Linanyoosha Miguu

“Huo mchanga unauchekecha au unaubembeleza?” mke wake aliuliza kutoka mlangoni.

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya chekeche, akiangalia kokoto zikirukaruka juu ya waya. Ilikuwa mara ya tatu. Mchanga wa plasta huchekechwa mara moja, na ukiwa mchafu sana, mara mbili. Mwanamke aliyeishi na fundi miaka thelathini na minne hahitaji kufundishwa hilo.

“Kama unataka kuchelewesha kazi, sema tu. Mimi sina haraka. Nina haraka ya kwenda wapi?”

Aliyasema taratibu, kama anayetaja hali ya hewa. Fundi angeona nafuu kama mkewe angefoka.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, kitu kizito cha chuma alichochomelewa na fundi baiskeli mwaka ule miguu yake ilipokataa kazi. Mbele ya mlango palikuwa na kiwanja kidogo, cha kutosha kugeuza kiti na kuanika kanga mbili. Kulia na mbele, mwamba. Nyuma ya nyumba, mwamba uleule. Njia ya kwenda getini ilikuwa moja tu, ujia wa hatua tatu upande wa kushoto, kati ya ukuta wa nyumba na kaburi la jitu, upande wa miguuni.

Baba yake Fundi alipojenga nyumba hiyo, alipitisha mkokoteni wa mawe katika ujia huo. Fundi alipooa, yeye na bibi harusi walipita bega kwa bega. Sasa ujia ulikuwa na sentimita sitini na mbili. Kiti kilikuwa na sitini na nne.

Kwa sentimita mbili hizo mke wake alikuwa amekaa ndani mwaka mzima. Kiti hakikukunjika. Kupitisha mtu au kitu juu ya kaburi hakukuruhusiwa. Mara moja Fundi alijaribu kumbeba mgongoni, nyonga yake mbovu ikamgeuka katikati ya ujia, wakaanguka wote wawili, na mwanamke akavunjika kifundo cha mkono. Tangu siku hiyo alikataa kubebwa. “Mimi si gunia,” alisema. “Nitatoka kwa magurudumu yangu, au nitakaa.”

Kaburi lilikuwa la mtu wa kale, mmoja wa wale waliokuwako kabla watu hawajafupika. Ndivyo ilivyosimuliwa. Walivuka bonde kwa hatua moja. Walifua nguo mtoni na kuzianika juu ya mawingu. Huyu aliyelala hapa alikuwa wa mwisho wao, na kifo kilimkuta hajamaliza kukua, kwa hiyo akaendelea kukua humohumo kaburini. Ushahidi uliandikwa getini kwa rangi nyekundu: urefu wa kaburi, mwaka baada ya mwaka. Namba ya mwisho ilikuwa mita kumi na tatu na sentimita sita.

Katibu wa kamati ya kaburi, mpima ardhi mstaafu, alikuwa na maelezo ya kitaalamu. “Zamani hewa ilikuwa nzito,” aliwaambia wageni. “Hewa nzito, mfupa mrefu. Hewa ilipopungua uzito, nasi tukapungua. Sasa udongo wa hapa umeshika ile hewa ya kale. Fikirini wenyewe.” Wageni walifikiri, wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja aliwahi kuuliza mbona panya wa hapo ni wadogo kama panya wengine. Katibu alimjibu kwamba panya hawana historia.

Fundi ndiye aliyelipiga kaburi plasta kila mwaka kabla ya kipimo, kama baba yake kabla yake. Agizo la baba lilikuwa moja: kaburi halikwanguliwi. Plasta mpya hukaa juu ya ile ya zamani. Kichwani palikuwa na jiwe kubwa la asili, halikuguswa. Ubavuni alipaka nyembamba. Miguuni, ambako maji ya mvua hushuka kutoka mwambani na kula ukuta, alipiga nene, kama vidole viwili, vile alivyofundishwa. Kwa miaka thelathini na moja aliiona kazi yake, na aliliona kaburi likikua, na mambo hayo mawili hayakukutana kichwani mwake hata siku moja. Mtu anaweza kuishi hivyo, akafanya kazi kwa mkono mmoja na kuamini kwa mwingine.

Mke wake ndiye aliyeyakutanisha. Akiwa na miaka hamsini na sita alianza masomo ya jioni ya watu wazima, katika shule iliyo chini ya barabara. Walipofika kwenye kutoa, mwalimu aliwaambia watafute namba za nyumbani kwao wazifanyie hesabu. Yeye akachukua za getini.

“Tatu,” alimwambia mumewe jioni ile, daftari likiwa mapajani. “Kila mwaka sentimita tatu. Ila mwaka ule nyonga ilikulaza, hakuna aliyepiga plasta. Mwaka ule ni sifuri. Jitu nalo liliumwa nyonga?”

Fundi alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Hata hivyo plasta ya mwaka jana aliipiga. Aliipiga akijua, vidole viwili, akailainisha vizuri mpaka ikang’aa. Wiki iliyofuata mke wake alitoka kwenda darasani na kiti kikakwama pale kwenye kona, chuma kikisaga ukuta huku na huku. Wakasukuma, wakavuta. Mwishowe akarudi ndani kinyumenyume.

Mwanafunzi mwenzake, muuza mboga, ndiye aliyekuwa akimletea maswali na kurudisha majibu. Lakini mtihani wa kumaliza haufanywi kwa kutumana. Ulikuwa kesho, saa nne asubuhi, na kesho hiyohiyo ndiyo siku ya kipimo.

“Niliomba alfajiri,” mwanamke alisema sasa.

Fundi aliweka chekeche chini. “Uliomba kaburi lipungue?”

“Mungu simtumi kazi za mwiko wako. Niliomba akupe usingizi. Unasaga meno usiku kucha kama mtu anayetafuna kokoto hizo.”

Getini pakabishwa hodi.

Siku ya plasta geti lilifungwa, na wageni waliongea na Fundi kupitia kwenye nondo. Alikuwa mwanamke mwenye vumbi mpaka magotini, kiatu kimoja kimefungwa kwa waya. Alitoa kifuani uzi wa sufu wa buluu, uliokunjwa vizuri kama kitu kinachokwenda kupelekwa kwa mkubwa.

“Wa mwanangu,” alisema. “Ana miaka tisa. Watu wanamdhania wa minne.”

Fundi aliupokea. Ndivyo watu walivyofanya: walikata uzi kwa kimo cha mtoto asiyekua, na yeye aliufukia kwenye plasta ya miguuni, mahali ambapo jitu lilikuwa likisonga mbele.

“Mwaka jana nilileta mwingine,” mwanamke aliendelea. “Wa buluu vilevile. Aliongezeka, Fundi. Kidogo, lakini aliongezeka. Utauweka miguuni kabisa?”

“Nitauweka, dada.”

“Mungu akubariki.”

Badala ya kuitikia amina, aliukunja uzi tena.

Aliporudi kwenye ujia alisimama mbele ya plasta ya mwaka jana kwa muda mrefu. Ndani yake mlikuwa na nyuzi kumi na nne, alikumbuka idadi. Aliwaza habari ya baba yake, mtu mpole aliyekufa akiamini. Aliwaza yule mama wa kiatu cha waya. Nyuma yake alisikia mke wake akigeuza ukurasa.

“Ee Mungu,” alisema kwa sauti ya chini, “baba aliniambia nisikwangue. Nawe unajua nimemfungia nani. Siwezi tena kumtii mmoja bila kumwasi mwingine. Shika mkono wangu, maana mimi sijui nifanyeje.”

Akachukua tindo na nyundo.

Plasta ya mwaka jana ilitoka kwa vipande vikubwa, kama ganda la muhogo. Haikuwa imeshikana vizuri na ile ya nyuma yake, na yeye, akiwa fundi, alijionea haya kidogo. Nyuzi alizichomoa moja moja kwa kidole. Ule wa buluu ulikuwa wa nane. Aliukung’uta vumbi, na bila kukusudia akaulaza juu ya karai kando ya ule mpya, ncha kwa ncha.

Mpya ulikuwa mrefu zaidi. Kwa kidole kimoja, na nusu.

Aliuangalia urefu ule kwa makini, kama anavyoangalia timazi. Huo haukuletwa na mwiko wa mtu yeyote. Mtoto alikuwa amekua kweli, mbali huko, usiku na mchana, bila jitu kujua.

Nyuzi zote, za zamani na wa sasa, alizifukia ubavuni, ndani ya plasta nyembamba. Miguuni alipaka chokaa tu kwa brashi. Kisha akapima ujia.

“Ngapi?” mke wake aliuliza. Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

“Sitini na tano.”

“Toa sitini na nne.” Alitabasamu kidogo. “Inabaki moja. Hiyo inanitosha.” Halafu tabasamu likaondoka. “Na kesho, Katibu akipima?”

“Kesho nitashika futi kamba vizuri.”

Mke wake alimtazama. Alimjua mtu huyu, hata namna anavyovuta pumzi anapopanga jambo. “Utaishika hewani,” alisema.

“Sentimita sita tu, tatu nilizotoa na tatu za mwaka huu. Yeye anasomea kichwani, haoni miguuni.”

“Na mwaka kesho utashika tisa. Na mwaka wa kumi utaisimamisha barabarani.”

Fundi alianza kuosha mwiko wake, akaurudia mara tatu.

Asubuhi watu kama arobaini walijaa kuanzia getini mpaka kando ya jiwe la kichwani. Katibu alivaa koti. Aliwaeleza habari za hewa nzito, akawaeleza kwamba mwaka huu udongo ulikuwa na unyevu mzuri na yeye binafsi alitarajia mambo. Kisha akafungua futi kamba yake ya upimaji, mkanda wenye kulabu ndogo ya chuma kwenye ncha, akaulaza juu ya kaburi kandokando ya ukingo wa upande wa geti. Miaka yote kulabu iling’ata ukingo wa miguuni, na Fundi aliigusa tu kwa kidole isichomoke.

Leo aliishika kwa vidole vitatu na kuivuta hadi hewani, ndani ya ujia. Alikuwa amesimama kwenye kona, mgongo umepinda, mkono umenyooshwa. Katibu alivuta upande wake. Mkanda ukakaza.

“Fundi, mbona inacheza?”

“Upepo, Katibu.”

“Upepo gani? Tuliza mkono.”

Hapo mlango wa nyumba ukafunguliwa. Fundi hakugeuka, lakini aliyasikia magurudumu yakikanyaga kokoto za kiwanjani, yakigeuka, yakifika mdomoni mwa ujia, yakisimama. Kifundo cha mkono wake kilikuwa katikati ya njia. Mke wake alivaa gauni lake la buluu iliyokoza, kalamu ameichomeka nywelani, daftari na rula mapajani.

“Hodi,” alisema, kama mtu anayepita uani kwa jirani. “Nipishe, Fundi.”

“Subiri kidogo,” alinong’ona. “Asome kwanza.”

“Saa tatu na nusu imepita.”

“Dakika moja, mke wangu. Nakuomba.”

Mwanamke aliweka tu mikono yake juu ya magurudumu na kungoja, na Fundi akaona jinsi alivyojua kungoja. Mabega yalivyotulia, macho yalivyokwenda chini yenyewe. Alikuwa amejifunza hilo kuliko kusoma na kuhesabu. Na aliyemfundisha ni nani?

Watu walianza kunyoosha shingo. Mama wa kiatu cha waya alikuwa mbele, karibu kabisa na kona. Yeye alikuwa akiutazama mkono.

“Fundi,” Katibu aliita, “unasikia? Nasema tuliza mkono.”

Fundi alilegeza vidole. Mkanda ulirudi wenyewe, sentimita moja, ya pili, na kuendelea, mpaka kulabu ikagonga ukingo wa kaburi na kushika. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kijiko kikigusa sahani. Akaondoa mkono, akarudi nyuma, akajibanza kwenye nondo za geti.

Kiti kikaingia ujiani. Upande wa kushoto chuma kilikwaruza ukuta wa nyumba. Upande wa kulia kitovu cha gurudumu kilichora mstari kwenye chokaa mbichi, mstari mmoja mrefu ulionyooka. Hatua ya kwanza. Ya pili. Kwenye kona kiti kilisita. Mwanamke akaegemea mbele, akasukuma kwa mikono miwili, na kikapita.

Watu walimpisha bila kuambiwa. Kwenye jiwe la kichwani Katibu alikuwa ameinama juu ya mkanda, ameweka kidole gumba kwenye namba. Aliinuka, akaifuta miwani kwa pindo la koti, akainama tena.

Barabarani kiti kilishika mwendo. Kwenye kitovu cha gurudumu la kulia chokaa ilikuwa imeganda, na kila gurudumu lilipozunguka, doa jeupe lilimeta juani, likazunguka, likameta tena, likipungua ukubwa kuelekea shuleni. Na mkanda ulikuwa bado umelala juu ya kaburi, umekaza, ncha yake imeng’ata ukingo bila kushikwa na mtu.