Nyumba Iliyopanda kwa Dawa ya Meno

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma kwamba juzi alfajiri, bila winchi wala muujiza, niliinua nyumba ya ghorofa moja kwa dawa ya meno. Umma wenyewe, yaani Bibi na paka wake, ulikuwa bado umelala.

Nyumba ni ya Bibi. Upande wa dirisha langu dunia imeishia ukutani. Baada ya hapo ni shimo. Wanajenga jengo refu lenye maegesho chini ya ardhi, na shimo limetukaribia kiasi kwamba ukidondosha kitana dirishani, usahau. Ili nyumba isikifuate kitana, mafundi wamesimamisha nguzo za zege ukingoni, na wanasukuma uji wa saruji chini ya msingi wetu ili udongo ushikamane. Ukutani wamebandika vibandiko vidogo vyenye msalaba mweusi. Kila asubuhi mpima husimama ng'ambo ya shimo na darubini yake ya miguu mitatu, akahakikisha kila msalaba uko palepale.

Mpima huyo nilimwita Milimita, kwa kuwa hana kipimo kingine. Ukimuuliza hali ya mkewe, nadhani atakujibu kwa milimita. Kosa lake kwangu lilikuwa moja. Kibandiko kimojawapo kilikaa chini kidogo ya dirisha langu, basi kila alfajiri ya likizo yangu alipaza sauti: "Mwanafunzi, toa shuka dirishani, sioni alama." Mtu umetoka bweni, ambako kengele hukuamsha kabla ya jogoo, unakuja nyumbani kuamshwa na milimita.

Nikatoa hukumu. Nilikibandua kibandiko kwa ncha ya rula, nikakipandisha unene wa kidole, nikakibandika kwa dawa ya meno. Bwenini hatuna gundi. Ratiba, picha, kioo cha kujitazamia, vyote tunavishikisha kwa dawa ya meno, na ikishakauka hata matroni hawezi kuibandua.

Nilitarajia Milimita akune kichwa. Alikuna. Kisha akapima upya, akamwita injinia, mama mfupi mwenye kofia ya njano, na pampu ya uji wa saruji ikazimwa. Hilo sikulitarajia.

Wakaja sebuleni.

"Shikamoo, mama," alisema injinia. "Nyumba yako imepanda."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilijua tu. Hii nyumba ina nyota."

"Si habari njema, mama. Kona moja imepanda, nyingine zimetulia. Huenda tunausukuma uji kwa nguvu mno na nyumba inajipinda. Mpaka tujue, pampu haiwaki, na wewe hulali humu."

"Nilale wapi?"

"Kwa ndugu. Wiki chache, pengine zaidi. Na tuombe mvua isitukute hivi, maana udongo wa chini yako bado haujashika."

Ndugu ni mjomba wangu. Bibi aliwahi kuuguzwa goti kwake, akarudi kabla goti halijapona. "Kule wanakula wakitazama simu," aliniambia. "Nikifia mezani, watagundua siku wakitaka niwapitishie chumvi."

Kwa kawaida Bibi huniita mke mwenzangu, na tunamgombania marehemu Babu kutwa nzima. Siku hiyo alipanga nguo sandukuni bila neno.

"Mke mwenza," nikamchokoza, "unamwacha mume wetu na mimi?"

Aliishusha picha ya Babu ukutani, akaifuta vumbi kwa kiganja, akailaza juu ya nguo. Mzaha ukanikauka mdomoni.

Mtu mwenye heshima zake angekwenda kukiri. Mimi nilisubiri mafundi waende kula, nikapanda chumbani, nikatoa nusu ya mwili dirishani. Mahali pa zamani palijionyesha penyewe, mraba safi katikati ya vumbi. Nilibandua kibandiko, nikauma tyubu ya dawa kwa meno ili mikono ipate nafasi, nikainua macho.

Milimita hakwenda kula. Alikuwa ng'ambo, ameiinamia darubini, anapima tena. Kwa nilivyokuwa mbele ya ile lenzi, uso wangu lazima ulimjia mkubwa kama sinia.

Hakupiga kelele. Alikuja na injinia wake, wakapanda ngazi, Bibi nyuma yao. Milimita akapitisha mkono dirishani, akapapasa ukuta, akanusa kidole.

"Mnanaa," alisema.

"Hebu," alisema Bibi. Akanusa naye. "Meno yangu mimi hulala kwenye glasi, nayaosha kwa sabuni. Paka hana mswaki. Mke mwenzangu, humu ndani ni nani mwingine?"

"Labda upepo, Bibi."

"Upepo unaopiga mswaki."

Tyubu ilikuwa mkononi mwangu.

"Ni mimi, Bibi. Nyumba haijapanda, nilipandisha kibandiko tu, ili huyu mpima aache kuniamsha. Sikujua watakuhamisha. Nisamehe."

"Ulikipandisha kiasi gani?" aliuliza Milimita.

"Unene wa kidole."

"Kidole kipi?"

Nikakinyoosha. Mbele ya watu wazima wote akatoa rula, akakipima, akatazama namba zake za asubuhi. "Inalingana," alimwambia injinia, naye akashuka kwenda kuiwasha pampu.

Bibi alitoa picha ya Babu sandukuni, akanikabidhi.

"Irudishe ukutani," alisema. "Palepale, wewe. Nitampa huyu kaka aipime."