Koki Inayojifunga Yenyewe

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne kasoro robo asubuhi. Jikoni mwa shule upepo ulizima moto, gesi ikaendelea kutoka, mpishi akawasha kiberiti. Mpishi huyo alikuwa mke wa Fundi Gesi. Fundi mwenyewe ndiye aliyefunga mabomba yale, basi kabla hajamzika mkewe, Mkaguzi Mkuu akamfutia leseni. Mkaguzi ndiye aliyeyapitisha mabomba hayo kwa sahihi yake. Lakini kalamu haikamatwi, hukamatwa spana.

Mwaka mzima fundi alijifungia bandani akichonga shaba. Akatoka na koki ndogo kama kidole gumba: moto ukizimika tu, inaifunga gesi yenyewe. Kwa mafundi, kitu kipya huachwa mezani kwa mkaguzi kikapimwe, na kumdai mkubwa hati ya kupokelea ni sawa na kumwita mwizi. Fundi akaiacha koki, na mchoro wake.

Miezi saba kimya. Leo akaenda ofisi ya usajili, ambako madaftari ni ya umma na kila mtu ana haki ya kusoma.

"Shikamoo, baba," karani akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nitafutie koki yangu humo."

Binti akafunua daftari la uvumbuzi. Fundi, aliyeishia darasa la nne, akapitisha kidole herufi kwa herufi. *Koki ya gesi inayojifunga yenyewe. Imejaribiwa, imefaulu. Mvumbuzi: Mkaguzi Mkuu.*

Kidole kikagoma.

"Hii ni yangu."

Karani akashusha sauti. "Baba, leseni yako imepigwa mstari mwekundu. Asiye na leseni hasajili uvumbuzi."

"Na aliyeupiga huo mstari ni nani?"

Mlango wa ndani ukafunguka, Mkaguzi Mkuu akatoka na kikombe cha chai.

"Aa, Fundi! Bado unatafuta kazi ya kuua watu?" Akacheka. Foleni nayo ikacheka, maana kila mtu pale alikuwa na karatasi inayosubiri mhuri wake.

"Mkubwa, nilikuletea kwa mikono yangu hii."

"Mzee, mimi niliivumbua wewe hujaiota hata usingizini. Si unajua kusoma? Soma tarehe!"

Fundi akasoma. Akarudia, midomo ikichezacheza. Daftari lilisema mwezi wa pili, mwaka ule ule wa moto. Siku arobaini kabla ya mkewe kufa.

"Hii tarehe ni ya kweli, mkubwa?"

"Mhuri wa serikali huo. Unadhani unacheza?"

"Na ilikuwa inafanya kazi?"

"Imeandikwa imefaulu! Macho yana ukungu?"

Fundi akainua uso. Hakupaza sauti.

"Basi ulikuwa nayo siku arobaini, na jiko lile ulilikagua wewe. Mke wangu ulimwacha aungue kwa nini?"

Kicheko kikakatika. Chai ikamwagikia mkono wa Mkaguzi, asiufute.

"Mlinzi! Mtoe huyu!"

Mlinzi akamshika fundi bega, lakini hakumvuta. Karani alikwisha kufungua daftari la malalamiko, nalo pia ni la umma. Alikuwa ameandika swali lote, neno kwa neno, na kalamu yake sasa imesimama juu ya nafasi iliyobaki wazi.

"Mkuu," akauliza, "hapa kwenye jibu niandike nini?"