Kondo Alilolizika Ngolo

Mwaka ule wa sabini na tano sukari ilipatikana kwa mgawo tu katika duka la kijiji, robo kilo kwa kaya, na bibi Ngolo hakuionja hata chembe. Yote ilikwenda kwenye uji wa Robi, mke wa mwanawe. Robi alikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza alizaa mtoto mkubwa ajabu, mzuri, ila alitoka amekwisha kufa. Safari hii Ngolo aliapa lazima mtoto alie. Hata majirani, watu wasioazimana jembe, walimletea kijiko kijiko. Tumbo likakua, kila mtu akajipongeza.

Aliyewakatisha furaha ni Penina, nesi wa zahanati upande wa Butiama. Alichemsha mkojo wa Robi pamoja na dawa ya buluu juu ya taa ya spiriti. Buluu ikawa kijani, kisha manjano, ikaishia rangi ya tofali. Penina hakueleza mengi. Alisimamisha lori la pamba lililotoka Bunda, akawapandisha Robi na Ngolo kwenda hospitali mjini Musoma.

Daktari alisikiliza tumbo kwa kipembe cha mbao, akasema moyo wa mtoto unapiga. Ngolo nusura ambusu mkono. Halafu daktari akavuta kiti akaketi, na Ngolo hakukipenda kile kiti.

"Ana kisukari cha mimba," alisema. "Mtoto anashiba kupita kiasi, lakini hewa inayomfikia ni kidogo. Kwenye kondo la nyuma kuna mishipa inayotakiwa ilegee, damu ipite. Sukari ikizidi, mishipa inakakamaa, inabana. Tumbo mnaliona kubwa, kumbe mtoto anakabwa. Kondo la uzazi wa kwanza aliliona nani?"

Aliyeliona ni Ngolo peke yake. Kwao kondo huzikwa na mama wa mume, nyuma ya nyumba, na alichokiona hakisemwi. Naye alikuwa ameona: zito mno, limevimba, limepauka, lina madonge magumu meupe. Miaka miwili alifunga mdomo akijihesabu mtu mwenye heshima zake.

"Ni mimi," akasema. "Lilikuwaga zito. Limepauka. Sikusema kwa mtu."

"Ungesema, bibi, tungempima mapema."

Hakumfokea. Afadhali angemfokea.

"Na sukari nilimpaga kwa uji?"

"Ugonjwa hukuuleta wewe. Ila uliuongezea."

Robi akachomwa sindano ya kushusha sukari. Upasuaji wa kumtoa mtoto ukapangwa kesho yake saa nne asubuhi, kwa sababu kumpasua siku ileile, sukari ikiwa juu vile, kungeweza kumuua mama. Robi angekuwa ng'ombe, Ngolo angeingiza mkono mwenyewe akamvuta ndama. Hapa mikono yake ilikaa tu mapajani, haina kazi, na iliuma kwa kukosa kazi.

Saa tatu asubuhi daktari alirudi na kipembe chake. Akakiweka chini ya kitovu, upande wa kushoto. Akakihamisha kulia. Akakishusha, akakirudisha pale pa kwanza, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akatoka upesi kuita wenzake, kipembe akakisahau kitandani.

"Amelala," Robi alisema. "Jana jioni alichezaga sana. Sikiliza na wewe, mama."

Ngolo akainama, sikio kwenye mbao, mkono wake mmoja umeshika kifundo cha mkono wa Robi. Akasikia moyo. Ulipiga sawasawa na mshipa uliokuwa chini ya vidole vyake, pigo kwa pigo, wala haukupishana nao hata mara moja. Akahamisha kipembe kama alivyoona daktari akifanya. Ulikuwa ni uleule, wa Robi. Hapakuwa na mwingine.

"Unamsikia?"

"Namsikia, mwanangu," Ngolo alisema, na hakuinua kichwa, maana angekiinua, Robi angeuona uso wake.