Bwana wa Kuazima

Mwanamke asiye na mume akija kutafuta nyumba Isiolo, asihangaike kuuliza habari za maji wala choo. Huko hatafika. Ataulizwa kwanza, "Uko na mzee?" na akisema hana mume, chumba kilichokuwa wazi kitakuwa kimechukuliwa papo hapo, yeye bado amesimama mlangoni na viatu mkononi.

Mimi, Karwitha, niliulizwa swali hilo mpaka nikawa nalisikia kabla halijatoka kinywani mwa mtu. Isiolo nililetwa na kazi ya kuchanja mifugo. Kule Kipsing wafugaji wananiita daktari, ingawa si daktari, na nikisema mbuzi wafungiwe zizini, wanafungiwa. Nikirudi mjini nageuka kuwa mtoto wa watu aliyepotea. Nilikuwa nimefikia gesti moja yenye kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na mhudumu aliyenitazama kila jioni kana kwamba anangoja nimlete mwanamume wa kwanza ili aseme alijua tu.

Nataka ieleweke nilichokuwa nakitafuta, maana baadaye nilisemwa mengi. Kwetu Mikinduri tulizaliwa wasichana watupu, tukalala kitanda kimoja, wengine wameelekeza kichwa huku na wengine kule. Shuleni nilikaa bwenini, na chuoni vilevile. Sikuwa nimewahi kufunga mlango nikajua hakuna mwingine mwenye haki ya kuufungua. Nilitaka mlango wangu, basi.

Aliyenizungusha ni Tyson, mwendesha boda, kijana wa kwetu milimani aliyezijua ploti zote za kupanga mjini. Alinipeleka kwanza kwa Salesio, mzee wa kanisa, mtu wa lugha yangu, nikadhani hapo nimefika. Salesio aliniombea, tena maombi marefu, ndipo akauliza kama nina mume. Nikamwambia sina. Akasema mwanamke wa peke yake huleta wanaume kwenye ploti, akanitakia baraka za Mungu na safari njema. Kwingine mama mmoja alinitembeza mpaka jikoni, kisha aliposikia jibu langu akakumbuka ghafla kwamba kuna shemeji yake anayehamia.

Ndipo tukafika kwa Mzee Jaldesa, kule Wabera. Vyumba viwili vilivyopakwa rangi upya, tangi la maji, mwarobaini uani, geti la chuma. Niliipenda nyumba hiyo kabla sijaingia ndani. Tyson alizima pikipiki akainama karibu na sikio langu.

"Daktari, hii usiharibu," akasema. "Sema uko na mzee. Mzee ni mimi."

Nikasema hivyo. Wala sitaomba radhi, maana ukweli nilikuwa nimeshautembeza mji mzima na hakuna aliyeutaka.

Jaldesa alikuwa amefanya biashara ya ngamia miaka mingi, sasa anapumzika. Ni mtu mpole, hakuwahi kuniinulia sauti hata mara moja. Ila tangu aliposikia nina mume, hakuniangalia tena. Alimgeukia Tyson akamuuliza mvua kwetu zinasemaje, akamsifia pikipiki, akamweleza siku za maji na siku za taka. Risiti iliandikwa jina la Tyson, ingawa pesa zilitoka kwenye simu yangu sote tukiona. Funguo zilikuwa mbili, na zote mbili alimwekea Tyson kiganjani.

Tulipotoka nje Tyson alinipa mmoja. Nilipomdai wa pili alicheka, akasema Mzee Jaldesa akimwona anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe atashuku. Nikaona ana maneno, nikamwacha.

Kitanda nilikinunua kwa fundi wa kando ya barabara ya soko la mifugo. Nilikichagua mwenyewe, nikakipigapiga miguu kuona kama kinayumba, nikamwambia fundi akipige msasa tena pale kichwani. Jumamosi ya kwanza nilifunga mlango nikakaa juu yake mchana kutwa bila kufanya kazi yoyote. Nilikuwa na furaha ya kijinga, mpaka nikawaza nikipika nitaiharibu, nikala mkate mkavu.

Furaha hiyo haikukaa. Mfereji ulipoanza kuvuja nilikwenda kumwambia Jaldesa, naye akanijibu kwa upole wake wote kwamba nimwambie mzee wangu aje waongee. Kwa hiyo nilimpigia Tyson simu, nikamlipa nauli ya kuja kwangu, akaketi na Jaldesa wakanywa chai kuhusu mfereji wangu mimi nikiwa jikoni nimeinamia ndoo. Stima ikipotea, ni yeye. Jirani akipiga kelele, ni yeye. Ruweida, mke wa Jaldesa, akawa analeta maziwa ya ngamia yenye harufu nzuri ya moshi, na kila mara alisema ni ya bwana wangu. Tyson aliyanywa mpaka mashavu yakamjaa.

Kisha akaanza kulaza pikipiki uani, eti huko stendi kuna wezi. Baada ya pikipiki ikaja helmeti, ikaja na tairi kuukuu, vyote sebuleni kwangu. Nilipomwambia avitoe alisema sawa, kesho. Nadhani nilichokosea ni kudhani ananidanganya mimi tu. Kijana huyu maisha yake yote alikuwa anaitwa kwa mluzi, na sasa kuna mzee mwenye mali anayemsogezea kiti na kumwuliza maoni yake. Alikuwa ameonja utamu wa kuwa mwenye nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa yangu.

Kukatokea ugonjwa wa mbuzi upande wa Kipsing, tukapelekwa huko siku kadhaa. Nilirudi nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, nikiwaza kitanda changu tu. Mlangoni palikuwa na pazia jipya la maua. Uani mwanamke mdogo alikuwa amechuchumaa anafua nepi kwenye beseni langu. Aliponiona alifuta mikono, akanisalimu kwa Kimeru kwa heshima zote, akasema bila shaka mimi ndiye Karwitha, yule dada aliyekodishwa chumba cha nje na Tyson. Yeye ni Ntinyari, mkewe. Alikuwa amechoka kukaa kwa mama mkwe huko milimani, na Tyson alimwambia sasa amepata nyumba.

Akanikaribisha ndani na kunimiminia chai katika kikombe changu. Kwenye kitanda changu, katikati kabisa, alilala mtoto mchanga amekunja ngumi. Nilitaka kupiga kelele nikashindwa. Ungemfokea nani pale? Ntinyari alikuwa amedanganywa kama mimi, tena yeye alikuwa na furaha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Jaldesa. Nilitegemea ashtuke. Hakushtuka, maana Tyson alikuwa amemwomba ruhusa kwanza, kwa adabu, mwanamume kwa mwanamume. Jaldesa alisema alimkaripia kwa kuleta mke wa pili bila kuniambia, kwamba hilo halikuwa jambo la kiungwana, na kwamba hataki ndoa ivunjike ndani ya ploti yake. Angetukalisha chini. Na kwa kuwa sisi ni Wakristo, angemwita mzee wa kanisa letu aje asikilize.

Mzee huyo wa kanisa alikuwa Salesio.

Tulikaa kwenye veranda ya Jaldesa siku ya pili yake alasiri. Jaldesa na Salesio kwenye viti, Tyson kwenye stuli, mimi na Ntinyari tumewekwa mkekani, mtoto akinyonya. Ruweida alikuwa anamimina chai. Waliongea juu ya subira, juu ya wivu, juu ya mwanamke anayefanya kazi ya serikali na kusahau nyumba. Nikawakatiza.

"Huyu si mume wangu," nikasema. "Hajawahi kuwa. Nilimwazima ili nipate nyumba, kwa sababu hamkodishi mwanamke asiye na mume. Muulizeni mwenyewe."

Wakamtazama Tyson. Angeweza kulimaliza pale pale, kwa neno moja. Alitazama viatu vyake, halafu akamtazama Jaldesa, na nikaona wazi anachoogopa kupoteza.

"Mimi sina neno na yeye," akasema. "Nimemsamehe."

Ndipo nikakumbuka kwamba shahidi wangu ameketi mbele yangu, nikamgeukia Salesio. Nilimkumbusha siku niliyofika kwake, akaniombea, akaniuliza, nikamjibu kwa kinywa changu kwamba sina mume. Alikuwa anakumbuka? Salesio alitikisa kichwa kukubali. Nikashusha pumzi.

"Nakumbuka sana," akasema. "Uliniambia hauna bwana, na bwana yako alikuwa amekungoja hapo nje na pikipiki. Nikajua huyu anatafuta mahali pa kumtorokea. Ndio maana nilikunyima nyumba, mama."

Jaldesa aliguna kwa huzuni. Akasema hata Ruweida, wakikosana, hutangaza kwamba hana mume, na sasa wana wajukuu. Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha kunihurumia, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote. Ruweida alikuwa ameinamisha macho kwenye birika.

Kwa haki yake, Jaldesa alinipa njia moja. Alisema kama hapakuwa na posa, basi nimpigie baba yangu aseme hivyo, wote wasikie, na yeye atamtoa Tyson leo leo. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Baba alikubali nije Isiolo kwa sababu nilimwambia wafanyakazi wanawake tunaishi pamoja kwenye nyumba za serikali. Angesikia veranda, wazee, na mwanamume anayeitwa Tyson, angepanda gari la kwanza. Ningekuwa nimejitetea, na kesho yake ningekuwa Mikinduri, kitanda kimoja na wadogo zangu. Nilirudisha simu mfukoni. Nikawaona wazee wakitazamana, wamepata jibu lao.

Hukumu ilikuwa ya haki sawa, Jaldesa alijivunia hilo. Ntinyari ana mtoto, kwa hiyo chumba cha ndani ni chake. Mimi cha nje. Tyson alale kwa zamu na asipendelee. Ntinyari alianza kulia polepole. Nadhani yeye peke yake pale mkekani alikuwa ameanza kuniamini, na haikutusaidia.

Nilisimama nikasema nahama. Nilichukua nguo, meko na beseni langu. Nilipotaka kitanda, Tyson alisema hicho ni kitanda cha nyumba, na Salesio akaunga mkono kwamba mwanamke akiondoka kwa hasira hafai kubomoa. Hata hivyo mtoto alikuwa amelala juu yake tena.

Ruweida alinifuata mpaka getini akijifanya anafunga mbuzi.

"Mimi nilijua siku mingi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kwa kamba yako hakujawahi kuanikwa hata shati moja ya mwanaume."

Nilimuuliza kwa nini hakulisema hilo pale verandani. Alinitazama kana kwamba ninauliza kwa nini jua linachoma.

"Ningeambia nani?" akasema, akarudi kwa birika lake.

Nilirudi gesti, kwa msumari wangu na mhudumu wangu. Nilikasirika wiki nzima, kazini hata mbuzi walinijua. Kisha nikaanza tena kutafuta, safari hii kwa miguu, upande wa Burat, mbali na Wabera na mbali na stendi ya Tyson. Huko nilimkuta mama mmoja mnene wa makamo, Kananu, ana shamba la sukuma wiki na safu ya vyumba nyuma ya nyumba yake. Kimoja kilikuwa wazi. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye raba zangu.

"Uko na mzee?" akauliza.

"Alikufa," nikamwambia.

Akaweka jembe chini. Akaniuliza alikufa na nini, nikasema pikipiki. Akanishika mkono, akaniingiza sebuleni kwake, akanipa kiti na chai ya maziwa. Tangu nifike Isiolo nikitafuta nyumba, hakuna aliyekuwa amenipa kiti. Nilipokishika kikombe machozi yakanitoka, ya kweli kabisa, ya hasira, ya kitanda changu, ya kuona kwamba hivi ndivyo inavyotakiwa. Kananu alinipapasa mgongo, akaniambia nilie tu, mume ni mume, hata akiwa mbaya.

Kisha akafungua droo, akatoa funguo za chumba. Zilikuwa mbili, na zote mbili akanipa mimi.